Pima Shati, Usinipime Mimi

Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu, kuanzia kola hadi pindo. Kama nimeongeza hata uzi mmoja, basi sindano ya cherehani yangu na initoboe kidole mara saba, na kiwe kidole hiki hiki ninachoandikia. Najua wako watu hapa Kilosa watakaosema, "Mwinshehe huyo, ameanza." Wanakumbuka habari ya tembo wa Mikumi niliyemshonea kaptula. Sikatai, ile niliongeza kidogo. Haikuwa kaptula, nilimtia kiraka tu. Lakini hii ya Masunga sijaongeza kitu, na ningekuwa na uwezo ningepunguza.

Mimi ni mstaafu wa reli. Miaka thelathini na moja nilikaza boliti za mataruma kati ya Kilosa na Kidete, jua na mvua. Ushonaji hakunifundisha mtu. Nilinunua cherehani mkweche kwa mjane wa fundi mmoja, nikachukua shati langu la harusi, nikalifumua uzi kwa uzi mpaka likawa vipande vipande mezani, kisha nikajaribu kulirudisha lilivyokuwa. Mara ya kwanza lilirudi na mikono mitatu. Mara ya nne lilirudi shati. Tangu hapo nimekaa barazani kwangu, nyuma ya soko, na futi kamba shingoni, na watu wananiita fundi kama vile nilizaliwa hivyo.

Masunga ni mtani wangu. Yeye ni Msukuma wa Tindiga, alihamia kutoka Meatu na ng'ombe wake zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akalima mpunga, akabaki. Mimi ni Msagara wa hapa hapa. Wasukuma na sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Kwa hiyo nina ruhusa ya kumtukana mbele ya wakwe zake, naye ana ruhusa ya kunitoza faini nikikosea, na hakuna wa kununa. Kila tukionana nilikuwa nikimwambia, "Mtani, babu yako aliomba maji kwa babu yangu, na ile kata ya kunywea hamjairudisha mpaka leo." Naye hujibu, "Tungeirudisha, lakini kila tukipita tunawakuta mmelala."

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mkewe alikuja barazani peke yake.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Imelda. Dume lako umelifunga wapi?"

Hakucheka. Na Imelda ni mwanamke anayecheka hata akikanyagwa mguu. Alikaa kwenye benchi, akafungua kitenge, akatoa shati lililokunjwa vizuri.

Nililijua hata kabla halijafunguliwa. Ni shati jeupe lenye mistari myembamba ya bluu, la mtumba, Masunga alilichagua mnadani Magole miaka sita iliyopita, akalivaa siku hiyo hiyo, na likamkaa kama amezaliwa nalo. Mimi nimelionea wivu shati hilo. Fundi aliyelishona, huko ng'ambo alikokuwa, hakuwahi kumwona Masunga hata siku moja, na bado alimpatia mabega. Mimi ninayemwona kila wiki nilimshonea mashati mawili, yote akayafanya ya kuchungia ng'ombe.

"Anataka jingine kama hilo," Imelda alisema. "Jeupe tupu. La harusi ya Joyce."

Joyce ni binti yao wa kwanza, anafundisha watoto wa chekechea Mikumi. Alikuwa anaolewa na kijana anayeitwa Nickson, dereva wa watalii, na ndoa ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka siku hiyo, kanisani huko huko Mikumi.

"Basi aje nimpime."

"Haji. Amesema nikwambie hivi: pima shati, usinipime mimi."

Nilimtazama. Alikuwa anachezea pindo la kitenge.

"Amechoka kupimwa, shemeji. Kila tukienda hospitali wanampandisha kwenye mizani kabla hata hawajamuuliza anaumwa nini. Mwezi wa pili kilo sabini na nane. Mwezi wa nne sitini na sita. Mwezi uliopita alikataa kupanda. Akamwambia nesi, binti, andika ile ile ya juzi, itatosha."

Nilijua Masunga anaumwa tumbo tangu mwaka jana. Nilijua amepungua. Lakini kujua habari za mtu ukiwa barazani Kilosa na kusikia kilo zake zikitajwa na mkewe ni vitu viwili tofauti.

Nikafanya kazi. Kupima shati si kupima mtu, na kwa kweli ni rahisi zaidi, maana shati halijikazi wala halivuti pumzi ndani ili lionekane na kifua. Nilifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Nikalilaza mezani kifudifudi, nikalipapasa mikunjo kwa kiganja bila kulivuta, kwa sababu ukilivuta litakupa inchi ambazo halina. Bega hadi bega, pale mshono wa mkono unapoanzia: kumi na tisa. Urefu, kutoka chini ya kola hadi pindo la nyuma: thelathini na moja. Nikaligeuza. Kwapa hadi kwapa: ishirini na tatu, ukizidisha mara mbili ndiyo kifua kizima. Mkono, kuanzia mshono wa bega hadi mwisho wa kafu ya kifundoni: ishirini na tano. Nikafungua kola, nikainyoosha, nikapima kutoka kifungo kilipo hadi mwisho wa tundu lake: kumi na sita na nusu. Nikaandika yote kwenye karatasi.

Imelda aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Ukishona hizo, atazama ndani."

"Lakini ndizo alizoagiza."

"Hili alilivaa Pasaka. Akajitazama kwenye kioo, akalivua, akasema limelegea kwa kufuliwa. Akanigombeza na sabuni yangu." Aliipapasa kola ya shati. "Shemeji, pamba inalegea?"

"Pamba hurudi, Imelda. Hailegei."

"Na yeye anajua." Alikunja ile karatasi mara mbili. "Ameapa. Shati jipya likimkaa kama hili lilivyomkaa zamani, atamshika Joyce mkono ampeleke mbele. Likimning'inia, hatoki ndani, Joyce apelekwe na Casmir, baba yake mdogo. Na Joyce ananililia kwenye simu kila siku, anasema bila baba haingii kanisani. Naye baba yake hataki watu wamtazame wakaanza kumuaga. Unanielewa?"

"Unataka nimshonee dogo, nimwambie ni kubwa."

"Wewe si ndiye hodari wa uongo hapa Kilosa?"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyoongea mtu aliyekuja kuazima ngazi kwa mwenye ngazi. Na mimi, mzee mzima, nilijisikia vizuri kuombwa.

Tatizo lilikuwa moja. Ili nimshonee shati la mwili wake wa sasa, nilipaswa kuujua huo mwili, na mwenyewe amekataa futi kamba isimguse. Nilikaa siku mbili nikiwaza. Siku ya tatu nilipanda bodaboda kwenda Tindiga kumjulia hali mgonjwa, na futi kamba nikaiacha nyumbani ili nisishawishike.

Njiani niliandaa tusi. Lilikuwa tusi zuri, la ng'ombe na mwenye ng'ombe, nani anamchunga nani. Nilipoingia uani nikamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya turubai la mpunga, na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Jua lilikuwa kali, yeye amevaa koti. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akibeba gunia la mpunga kila kwapa, akitembea anapiga mbinja. Tusi langu likakwama kooni.

Nikamkumbatia.

Nitasema kweli: nilimkumbatia kwa ajili ya kazi. Zamani mikono yangu isingekutana mgongoni kwake, mimi mwenyewe ni mfupi. Sasa ilikutana, ikapitana, na vidole vya kulia vikafika karibu na kiwiko cha kushoto. Nikabana hesabu hiyo kichwani. Nikampapasa kisogo kama ninayemfukuza mdudu, nikazungusha shibiri shingoni. Nilipomwachia nikamshika mkono, nikakawia nao, na kidole gumba na cha kati vikazunguka kifundo chake vikakutana na nafasi ikabaki. Hiyo ilikuwa kafu. Koti lilikuwa linanisumbua, nikaondoa inchi moja ya koti. Kazi ilikwisha, lakini sikumwachia mara moja. Alikuwa mwepesi mno, na alinukia dawa.

"Vipi leo, mtani?" aliuliza. "Umekula nini?"

"Nimekukumbuka tu, mzee wangu."

"Mzee wangu," alirudia, taratibu, kama anaonja chumvi ya mboga. Alinitazama muda mrefu, halafu akamwambia Imelda aniletee maziwa ya mgando. "Shati langu limefika kwako?"

"Limefika. Nimelipima lote, nimemrudishia Imelda."

"Usipunguze hata inchi."

"Nitapunguzaje? Si ni wewe uliyeagiza?"

Kurudi Kilosa nilikaa nyuma ya bodaboda nikizikariri zile hesabu kwa sauti ili zisinitoke: kumi na nne na nusu, kumi na saba, kumi na tisa. Dereva alidhani nasali. Kwenye makorongo alipunguza mwendo, akaniambia, "Usiogope mzee, tutafika."

Nilishona kwa siku nne. Kitambaa alikinunua Joyce huko Mikumi, pamba nzuri, nzito kiasi. Wakati wote huo nilikuwa nikiwaza jambo moja: Masunga ataniambia nipime mbele yake. Ninamjua. Ni mtu anayehesabu ng'ombe mara mbili hata kama ni watatu. Akisema pima, na futi kamba ikasoma kumi na tisa kwapa hadi kwapa badala ya ishirini na tatu, harusi ya Joyce imeharibika pale pale.

Ndipo nikafanya kitu ambacho fundi mwingine yeyote angekionea aibu. Nilichukua futi kamba yangu ya zamani, nikaikata kwenye inchi ya nane, nikaikata tena kwenye inchi ya kumi na mbili, nikatupa kile kipande cha katikati, na nikaunganisha ncha mbili kwa cherehani, mshono mwembamba, halafu nikausugua kwa vumbi na mafuta mpaka usionekane. Sasa kilichokuwa inchi kumi na tisa kilisoma ishirini na tatu. Nilijipongeza. Nilikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili kwa furaha, mimi peke yangu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ndoa, nilirudi Tindiga. Imelda alinipokea kifurushi bila kunitazama usoni. Masunga alikuwa ndani, sebuleni, amesimama tayari akiwa na fulana. Alilichukua shati, akaingia chumbani kulivaa, akarudi akifunga kifungo cha mwisho cha shingoni.

Jamani, lilimkaa. Sijawahi kushona shati kama lile na sitashona tena. Bega lilikaa penyewe, kola ilizunguka shingo bila kuacha pengo wala kuminya, kafu zilisimama pale kifundo kinapoanzia kiganja. Alijitazama kwenye kile kioo cha ukutani, ubavu huu, ubavu ule. Imelda aliweka mkono mdomoni. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule Masunga wa mnadani Magole.

"Limekaa," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Kwapa hadi kwapa ngapi?"

"Ishirini na tatu. Kama lile."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Pima."

Nilitoa ile futi kamba mfukoni kwa madaha. Alilivua, nikalilaza mezani, nikafunga vifungo, nikapima. Ishirini na tatu. Niliinua futi kamba ili aone namba kwa macho yake. Aliinama, akaona, akaitikia kwa kichwa polepole. Pembeni nilisikia Imelda akishusha pumzi.

"Na kola?"

Hapo ndipo damu iliponikauka. Fundi mzima niliyepima makola mengi kuliko siku nilizoishi, sikuwa nimeifikiria kola. Ile futi kamba iliongeza inchi nne kwa kila kitu kinachopita inchi ya nane, kikubwa na kidogo, haikujua kubagua.

"Kola ni ile ile, mtani. Kumi na sita na nusu."

"Sijasema uniambie. Nimesema upime."

Nikapima. Aliweka kidole chake chembamba kwenye namba na kuisoma kwa sauti.

"Kumi na nane na nusu." Aliinua uso. "Imelda, mimi shingo imenenepa?"

Kuku mmoja aliingia hadi katikati ya sebule, akatoka mwenyewe.

"Lete lile la zamani."

"Nimelifua, halijakauka," Imelda alisema.

"Lete hivyo hivyo."

Lilikuja likiwa kavu kabisa. Masunga alilifunga vifungo vyote, akalilaza mezani, akalipapasa mikunjo kwa kiganja, taratibu, bila kulivuta. Halafu akalilaza lile jipya juu yake, kola juu ya kola. La zamani lilichungulia pande zote, vidole viwili huku, vidole viwili kule, mistari yake ya bluu ikizunguka ule weupe kama maji yanavyozunguka kichuguu wakati wa mafuriko. Tulisimama watatu tukilitazama. Ile sehemu iliyochungulia ndiyo aliyokuwa amepoteza, na ilikuwa kubwa.

"Mtani," nilianza, "nia yangu—"

"Nyamaza." Hakupandisha sauti. "Nilijua tangu siku ile uliponikumbatia. Miaka yote hii umewahi kunikumbatia? Nilipopoteza ng'ombe kumi na wawili kwenye mafuriko, ulikuja hapa ukaniambia sasa angalau nyumba haitanuka. Nikacheka, nikala, nikalala. Siku ile ukaja ukanikumbatia, ukaniita mzee wangu. Nikajiambia, huyu ama ananipima shati, ama ananipima sanda."

Imelda alianza kulia. "Ni mimi baba Joyce, mimi ndiye niliyemtuma."

"Najua. Wewe ni mke wangu, una haki ya kuogopa. Daktari ananong'ona na wewe nyuma ya mlango. Casmir ananong'ona na watoto. Nilibakiwa na mtu mmoja tu wa kuniambia sura yangu ikoje, naye ndiye huyu, na yeye amekuja na futi kamba ya uongo." Aliichukua mezani, akaivuta kwa mikono miwili, akauona ule mshono. Karibu acheke. "Umeshona hata hii? Una shida, Mwinshehe."

Alivua fulana.

Sitaeleza nilichokiona. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mikono pembeni.

"Imelda, kwenye kabati kuna futi kamba ya Joyce ya shule. Mpe. Sasa nipime mimi. Kwa sauti. Na kila namba uitolee tusi lake, kama mtani. Ukinyamaza faini inaongezeka."

Nimekaza boliti reli ikitetemeka na treni ikisikika kwa mbali, lakini kazi ngumu kama hii sijawahi kupewa. Nikaizungusha shingoni.

"Shingo. Kumi na tatu na nusu."

"Tusi."

"Shingo ya... shingo ya kuku wa mnada. Amepelekwa mara nne, kila mteja anambinya na kumrudisha."

"Endelea."

"Kifua thelathini na nne. Mzinga huu. Na nyuki wenyewe walishahama."

Imelda aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka, na sikujua analia au anacheka.

"Kifundo cha mkono, tano na robo. Kwa mkono huu ng'ombe ndiye anayekuchunga wewe."

"Hilo ulikuwa umeliandaa."

"Wiki mbili zilizopita. Likanikwama."

"Nilikuona likikukwama. Kiuno?"

Nikaizungusha kiunoni. Hapo kwenye tumbo, ngozi ilikuwa ya moto, na chini yake palikuwa na kitu kigumu. Alijikaza, lakini hakusogea.

"Kiuno, fundi."

"Ishirini na nane."

"Tusi."

"Sina, mtani."

"Tafuta."

"Ishirini na nane..." Niliisoma tena futi kamba. "Ishirini na nane ni kiuno cha bibi harusi. Jumamosi wakuweke mbali na Nickson, padri asije akafungisha ndoa ya pili."

Masunga alicheka. Kicheko kilimuuma, akashika tumbo, akainama mpaka paji la uso likagusa meza, na aliendelea kucheka huku akiguna. Imelda alikimbilia maji. Alipoinuka, macho yalikuwa yamemjaa.

"Basi huyo ndiye mimi," alisema. "Lete shati."

"Lipi?"

"Linalonitosha."

Alilivaa lile jipya, akafunga vifungo mwenyewe. Halafu, kama hakimu, akatoa hukumu. Nitashona shati jingine. Litakuwa na inchi zile zile nilizoziapia kwa Mungu na zile zilizosomwa na futi kamba yangu: kwapa hadi kwapa ishirini na tatu, kola kumi na nane na nusu. Nitalivaa mimi. Jumamosi, Mikumi, mbele ya kanisa zima. Atakayeniuliza limeshonwa na nani nijibu kwa sauti kwamba nimeshona mwenyewe, na nimejipima mwenyewe.

"Mtani, hiyo hapana. Nina wateja Mikumi. Bryson na mafundi wenzake watakuwepo."

"Ndiyo maana inaitwa faini."

"Nitoze mbuzi."

"Mbuzi ninao. Watu watataka kitu cha kutazama siku ile, Mwinshehe. Sitaki kiwe shingo yangu."

Sikubishana tena. Nilishona Ijumaa kutwa nzima, kwa kitambaa cha njano kilichobaki kwenye sare za kwaya fulani, na sikupata usingizi mzuri.

Jumamosi nilishuka kwenye gari Mikumi saa tatu asubuhi, na kuanzia stendi hadi kanisani sikupita mtu asiyegeuka. Mabega ya shati yalifika karibu na viwiko. Mikono ilinipita vidole, nikawa naikunja, inashuka. Ndani ya kola ile kingeingia kichwa cha pili. Kina mama waliouza karanga waliniuliza kama mwenye shati yuko nyuma anakuja. Nilikaa kanisani benchi la mwisho, kando ya njia ya katikati, kama nilivyoagizwa.

Waliingia saa nne na nusu. Joyce alikuwa ameshika mkono wa baba yake, au tuseme alikuwa ameubeba, lakini kwa ustadi, usingejua. Koti la suti Masunga alikuwa ameliacha, akaja na shati lile jeupe na tai, akiwa amenyooka. Lilimkaa. Nilisikia mama mmoja akisema, "Kumbe baba yake hajambo." Walitembea hatua kumi, hatua kumi na tano. Katikati ya njia Masunga alisimama.

Mwanzoni nilidhani anasalimia mtu. Kisha nikaona mgongo wa lile shati ukipanda na kushuka, kwa haraka mno. Joyce alijifanya anarekebisha shela. Kinanda kiliendelea, kikarudia pale pale, halafu kikasita. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, na nikaona ile sura usoni mwao, ile ambayo yeye aliapa hatakuja kuiona.

Nikasimama. Nikatoka kwenye benchi nikaingia njiani, nyuma yao, nikainua mikono yote miwili juu kama ninayesifu, na ile mikono ya njano ikaporomoka ikanifunika uso. Watoto waliangua kicheko kwanza. Halafu kwaya. Nikajaribu kuitoa usoni, nikaishia kuingiza kidevu ndani ya kola, na safari hii sikuwa ninaigiza. Kanisa zima liligeuka kunitazama mimi.

Bryson, fundi wa pale karibu na kituo cha mafuta, kijana ninayemwuzia vifungo, alishindwa kuvumilia. "Mzee Mwinshehe! Nani amekufanyia hivyo?"

"Mimi mwenyewe!" nilisema, na sauti ilifika hadi madhabahuni. "Nimeshona mwenyewe, na nimejipima mwenyewe!"

Walicheka tena, hata padri aliinamisha kichwa. Kule mbele, mgongo wa shati jeupe ulikuwa umetulia. Masunga hakugeuka. Aliuweka vizuri mkono wa Joyce kwenye kiwiko chake, akaanza kutembea, na mimi nikabaki nimesimama pale katikati ya njia, nachekwa, mpaka alipofika.